Molasi Shambani: Ni Chakula cha Nani?

Miwa inapokamuliwa na maji yake kuchemshwa, sukari huganda na kutengwa. Kinachosalia ni uji mzito mweusi uitwao molasi. Katika kila kilo 100 za miwa hupatikana takriban kilo 10 za sukari, na kilo 3 au 4 za molasi. Viwanda vya Mtibwa, Kilombero na TPC ya Moshi huitoa kila msimu, na wafugaji huijua vema, kwani ng'ombe huipenda mno.

Siku hizi molasi husifiwa pia kuwa mbolea. Sifa hiyo imeenezwa sana na wakuzaji wa bangi wa ng'ambo, katika nchi kama Kanada, iliyohalalisha zao hilo mwaka 2018. Baadhi yao hudhani kwamba sukari hiyo hupanda hadi kwenye maua na kuyatia utamu. Tanzania imekataza kilimo cha bangi, na sheria ya mwaka 2015 imeweka adhabu kali. Lakini udongo haubagui mimea. Mkulima wa mahindi wa Kwamsisi, wilayani Handeni, naye huweza kushawishika kutumia fedha za mbolea kununulia molasi. Kwa hiyo yafaa dai hilo lichunguzwe.

Mmea hauhitaji kulishwa sukari. Huitengeneza wenyewe katika majani, kwa nguvu ya jua, kutokana na maji na hewa ya kabonidayoksaidi. Tena sehemu ya sukari hiyo huteremka mizizini na kuvujia udongoni. Yaani mhindi ndio unaoulisha udongo sukari, wala si kinyume chake.

Walaji wa molasi ni bakteria na kuvu. Karibu nusu ya molasi ni sukari, nayo imesheheni kaboni. Ina potasiamu ya kutosha na kalisi kidogo, lakini naitrojeni yake ni haba. Hapo ndipo penye hatari. Kwa kila sehemu 24 za kaboni wanazokula, vijidudu huchoma kama 16 ili kupata nguvu, na 8 hujenga miili yao. Sehemu hizo 8 hudai sehemu 1 ya naitrojeni. Wasipoipata katika chakula chenyewe, huichukua udongoni, nao ni wepesi kuliko mizizi. Mahindi hubaki na njaa katikati ya udongo uliojaa uhai! Baadaye sukari ikiisha, vijidudu hufa na naitrojeni hurudi, lakini mvua za masika hazimngoji mtu.

Wanafunzi waweza kulithibitisha jambo hili kwa makopo matatu yaliyotobolewa chini, kila moja likiwa na kilo 2 za udongo ule ule usio na rutuba nyingi. La kwanza linyweshwe maji matupu. La pili lipewe kijiko kimoja cha chakula cha molasi kilichokorogwa katika maji. La tatu lipewe molasi kiasi hicho hicho pamoja na robo kijiko cha chai cha mbolea ya urea. Baada ya juma moja, mahindi yapandwe katika yote. Miche ya kopo la pili itazamiwe kwa makini: majani ya chini ndiyo hutangulia kugeuka manjano, kuanzia nchani na kufuata uti wa jani. Mwalimu atakayeongeza kopo la nne, lenye urea bila molasi, atakuwa na ulinganisho ulio bora zaidi.

Molasi hufaa zaidi katika lundo la mboji kuliko shambani. Ikikorogwa katika maji mengi na kunyunyizwa juu ya tabaka za samadi na majani mabichi, vijidudu huamka upesi na lundo hupata joto. Mabua ya mahindi yasizidi, kwani nayo yana kaboni nyingi kwa naitrojeni kidogo. Wala molasi isimwagwe nzito penye mizizi: sukari iliyokolea huvuta maji kutoka mizizini, na mche hunyauka hata kama udongo umelowa.