Maiti juu ya mpaka: nani aliyepanga anguko la Martin?

Taa za daraja zinazimika ghafla. Zinapowaka, mwili wa mwanamke umelazwa juu ya mstari wa mpaka, nusu Denmark, nusu Sweden. Polisi wanapouinua, unaachana katikati: ni maiti mbili, kiwiliwili cha mwanasiasa wa Sweden na miguu ya kahaba wa Denmark.

Ndivyo inavyoanza Bron, tamthilia ya upelelezi iliyobuniwa na Hans Rosenfeldt na kuonyeshwa kuanzia 2011 hadi 2018. Daraja lenyewe ni la kweli: Øresund, lililofunguliwa Julai 2000 kuunganisha Copenhagen na Malmö. Kisa hicho kilihamishiwa hata kwenye mpaka wa Marekani na Mexico, na kwenye njia ya chini ya bahari kati ya Uingereza na Ufaransa.

Maiti ikiwa pande mbili, kesi nayo ni ya pande mbili. Saga Norén wa Malmö anafuata kanuni neno kwa neno. Martin Rohde wa Copenhagen ni mcheshi, mwepesi wa kulegeza masharti. Usiku huohuo linafika gari la wagonjwa lenye mtu anayehitaji kupandikizwa moyo. Saga anakataa lisipite. Martin anaruhusu. Saga anamripoti kwa wakubwa.

Aliyewahi kukwama mpakani na nyanya zinazooza anawajua maofisa hawa wawili, na anajua angependa kumkuta yupi zamu. Tamthilia inalijua hilo pia. Inatufanya tumpende Martin kwanza, ndipo inaleta hesabu.

(Ambaye hajaiona atuwie radhi; kisa hiki hakielezeki bila kugusa mwisho.)

Muuaji ni Jens, polisi mwenzake Martin wa zamani aliyedhaniwa amejiua. Mkewe alikuwa na uhusiano na Martin, kisha yeye na mtoto wao wakafa kwa ajali kwenye daraja hilohilo. Mauaji yote ya mwanzo yalikuwa chambo. Jens anajifanya mwandishi wa kudura ya mwenzake: anamuua August, kijana wa Martin, halafu anataka Martin mwenyewe amfyatulie risasi darajani. Akifyatua, mpango umetimia.

Ni rahisi kusema Martin hana njia. Lakini Saga yupo. Mwanamke huyu asiyejua kudanganya anajaribu kumdanganya kwamba August yu hai. Uongo unapogundulika, anampiga Martin risasi na kumjeruhi, ili tu asiue. Jens hakuliweka hilo kwenye hesabu zake.

Msimu wa pili ndio mgumu zaidi. Jens anakufa gerezani kwa sumu, na Saga anaona ushahidi unamwelekea rafiki yake pekee. Darajani Martin alikuwa na sekunde chache na mtego mbele yake. Sumu ni jambo jingine: huitafuta, huipitisha, huisubiri ifanye kazi, na kila hatua ina nafasi ya kurudi nyuma. Hapo kumsingizia Jens hakutoshi tena.

Saga naye angeweza kunyamaza. Alishathibitisha darajani kwamba kanuni hazimfungi pale anapoamua. Anamripoti, kama alivyofanya usiku wa gari la wagonjwa. Msimu wa tatu unapoanza, Martin yuko gerezani, na Saga ana mshirika mwingine kutoka Denmark.