Bakteria wa Utumbo na Maradhi ya Kufunga Choo

Mgonjwa anayefunga choo kwa muda mrefu mara nyingi hufika hospitali akiwa amekwisha kujitibu. Amechemsha majani ya sanamaki, amekunywa mafuta ya nyonyo, na siku hizi huenda amenunua vidonge vya bakteria kwa bei ya kuumiza, baada ya kusikia kwamba "bakteria wazuri" wamepungua tumboni mwake. Habari hiyo ina ukweli, lakini ni nusu tu ya ukweli.

Kwa vigezo vya kimataifa vya mwaka 2016, huhesabiwa kuwa na maradhi haya mtu mwenye dalili 2 au zaidi kwa miezi 3: kupata haja kubwa chini ya mara 3 kwa wiki, kujikamua sana, choo kigumu kama cha mbuzi, au kuhisi kwamba hakikuisha.

Ndani ya utumbo mpana, bakteria huchachusha makapi-mlo, yaani zile nyuzinyuzi za chakula ambazo mwili hauwezi kuzisaga wenyewe. Uchachushaji huo huzalisha asidi kadhaa, ikiwemo butireti, ambayo hulisha seli za ukuta wa utumbo. Mwaka 2015 watafiti wa California nchini Marekani walionyesha kwamba baadhi ya bakteria huchochea seli hizo kutengeneza serotonini, kemikali inayoamsha misuli ya utumbo kusukuma. Panya waliokuzwa bila kijidudu chochote walikuwa na matumbo mazito. Walipopandikizwa bakteria hao, mwendo uliongezeka. Upo pia mfano wa kinyume: arkea, vijidudu vinavyofanana na bakteria, hutoa gesi ya methani, na gesi hiyo hupunguza kasi ya utumbo.

Hata sanamaki huwahitaji bakteria. Kiini chake hupita tumboni kikiwa hakina nguvu, hadi bakteria wa utumbo mpana wakivunje ndipo kianze kazi.

Hata hivyo, uhusiano huu ni wa pande mbili. Choo kikikaa sana, maji hunyonywa, wanga unaochachushwa huisha, na bakteria hugeukia protini. Jamii yao hubadilika kwa sababu mwendo umepungua. Kwa hiyo bakteria tofauti katika choo cha mgonjwa huenda wakawa matokeo ya ugonjwa wala si chanzo chake. Hapo ndipo matangazo ya vidonge yanapopotosha. Majaribio ya vidonge hivyo yametoa majibu yanayopingana, na nafuu iliyoonekana ni ndogo.

Ushahidi wa chakula ni wa zamani na imara zaidi. Daktari Denis Burkitt, mpasuaji aliyefanya kazi miaka mingi Uganda, aliandika mwaka 1972 pamoja na wenzake kwamba Waafrika wa vijijini, waliokula nafaka zisizokobolewa, walipata choo kingi, laini na cha haraka kuliko Waingereza. Mwaka 1980 watafiti wa Cambridge walipima choo na kukuta kwamba zaidi ya nusu ya uzito wake mkavu ni bakteria wenyewe. Mtu anayekula dona, kunde au mbaazi, kwa hiyo, hunenepesha choo kwa njia mbili: kwa makapi yanayoshika maji, na kwa bakteria wanaoongezeka.

Makapi-mlo yaongezwe polepole, kwa majuma kadhaa, pamoja na maji ya kutosha. Yakiongezwa ghafla huleta gesi na mgonjwa huyaacha. Mhudumu aulize pia kuhusu dawa: vidonge vya madini ya chuma, morfini na baadhi ya dawa za shinikizo la damu hufunga choo, na hakuna bakteria atakayelitatua hilo. Wapo pia ambao misuli ya njia ya haja kubwa hukaza badala ya kulegea wanapojikamua; hao huhitaji mazoezi ya kuifundisha upya, na makapi-mlo huweza hata kuwazidishia adha. Damu katika choo, kupungua uzito, upungufu wa damu, au kufunga choo kulikoanza ghafla baada ya umri wa miaka 50 kunahitaji uchunguzi wa utumbo bila kuchelewa.