Bei ya maji: asiye na bomba ndiye anayelipa zaidi

DAR ES SALAAM – Mama lishe hununua maji kwa ndoo, mwenye nyumba hununua kwa uniti. Kwa kuwa vipimo ni tofauti, ni wachache wanaolinganisha bei hizo mbili. Uniti moja ya dira ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20. Ndoo ikiuzwa shilingi 100, uniti hiyo humgharimu mnunuzi shilingi 5,000, kiasi kinachozidi kwa mbali bei ya bomba la nyumbani.

Bei ya mamlaka za maji nchini husimamiwa na EWURA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2001 na kuanza kazi mwaka 2006. Mamlaka ya maji hupeleka maombi ikionyesha gharama za umeme, dawa, mishahara, matengenezo na miradi. EWURA huitisha mkutano wa taftishi kusikiliza wadau, likiwemo baraza linalowatetea watumiaji, kisha hutoa uamuzi. Bei ya gati nayo hupangwa, lakini ndoo ikishapanda mkokoteni, soko ndilo linaloamua.

Haki ya ngazi

Baadhi ya mamlaka hutumia bei ya ngazi: uniti za mwanzo huuzwa rahisi, zinazozidi huuzwa ghali. Nia ni kumlinda mwenye kipato kidogo, kwa kudhani kwamba matumizi yake ni madogo. Dhana hiyo hugonga mwamba katika nyumba za kupanga.

Chukua mfano wa hesabu tu. Uniti 5 za kwanza ni shilingi 1,000 kila moja, na zinazozidi ni shilingi 1,600. Familia yenye dira yake ikitumia uniti 5 italipa shilingi 5,000. Familia sita zinazochangia dira moja, kila moja ikitumia uniti 5 hizo hizo, zitaletewa ankara ya shilingi 45,000. Kila familia italipa shilingi 7,500, ongezeko la asilimia 50 kwa maji yale yale. Jirani asiye na bomba, anayenunua ndoo 250 kwa shilingi 100, atalipa shilingi 25,000.

Kwa hiyo nafuu ya ngazi ya kwanza humfikia kwanza mwenye dira yake peke yake. Kushusha gharama ya kuunganishiwa maji, au kuruhusu ilipwe kwa awamu, kungemsaidia maskini zaidi kuliko kupunguza bei ya uniti.

Nani alipe maji yanayovuja?

Gharama nyingine iliyojificha ndani ya ankara ni maji yanayopotea kwa mabomba yaliyopasuka, dira mbovu na wizi. Maji hayo yamekwisha kusukumwa kwa umeme na kutiwa dawa, lakini hayana mtu wa kumwandikia ankara. Hasara yote ikiingizwa kwenye bei, anayeibeba ni mteja mwaminifu. Ikikataliwa yote, mamlaka hukosa fedha za kubadili mabomba, na maji huendelea kuvuja. Linalofaa ni kuruhusu kiwango maalumu cha hasara, kinachopunguzwa mwaka hadi mwaka.

Suala hili limekwishaingia soko la mitaji. Mwaka 2024 Mamlaka ya Maji Tanga iliuza hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10 na riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka, ambayo iliorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam. Fedha za kulipa wawekezaji hutegemea makusanyo ya maji. Kwao, bei ya chini mno ni hatari. Bei inayoonekana kuwa ya dhuluma ni hatari vilevile, kwani wateja huchelewesha malipo, huchimba visima au hujiunganishia kwa wizi.

Mfanyabiashara au mwekezaji anayehudhuria taftishi ana maswali matatu ya kuuliza kabla ya kupinga au kuunga mkono bei mpya: ni asilimia ngapi ya maji hupotea, nyumba ngapi mpya zitaunganishwa kwa fedha zitakazopatikana, na ndoo itauzwa kiasi gani kwenye gati. Mamlaka isiyo na majibu ya maswali hayo haijawa tayari kuongeza bei, wala kukopa kwa umma.