"Hack": Neno Moja, Maana Nyingi

Mkazi akikosa pesa kwenye simu husema, "Nimehakiwa." Tovuti ikikwama, watu husema imehakiwa. Kijana akialikwa kwenye hakathoni, mzazi huingiwa na wasiwasi. Neno ni lile lile, lakini mambo ni tofauti, na kila moja lina hatua zake.

Neno lilikotoka

Katika Kiingereza cha kale, kitenzi hicho kilimaanisha kukatakata kwa shoka au panga. Maana ya kompyuta ilichipuka miaka ya 1950 katika chuo cha MIT, Marekani. Wanafunzi wa klabu ya treni ndogo za mfano walilitumia walipochokoa nyaya ili mitambo yao ifanye kazi kwa njia mpya. Kufikia 1963, gazeti la wanafunzi chuoni humo lilikuwa likiwaita hivyo waliochezea mfumo wa simu.

Halali na haramu

Hakathoni imebaki na ile maana ya ubunifu: vijana hukutana kwa siku chache kuunda programu za kutatua shida za jamii. Hakuna mfumo wa mtu unaovunjwa. Wapo pia wataalamu wanaolipwa kujaribu kuvunja mfumo kwa idhini ya mwenye mfumo, ili kasoro zirekebishwe mapema.

Kuingia bila idhini ndiko kunakoitwa udukuzi. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni ya mwaka 2018 inatoza faini isiyozidi shilingi milioni 5, kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili.

Si kila tatizo ni udukuzi

Julai 2023, huduma za eCitizen zilipovurugika, Serikali ilieleza kwamba mfumo ulikuwa umelemewa na maombi mengi yaliyotumwa makusudi, na kwamba hakuna data iliyopotea. Ni kama umati kuziba mlango wa ofisi: wananchi wanakosa huduma, lakini kabati la faili halijaguswa.

Vivyo hivyo, aliyemtajia mtu PIN yake kwa simu ametapeliwa. Mfumo haukuvunjwa, funguo zilitolewa.

Hatua za kuchukua

• Umetoa PIN: ibadilishe mara moja na upigie simu kampuni ya simu au benki yako.

• Nenosiri limekataa na ujumbe unatumwa kwa jina lako: huenda akaunti imedukuliwa. Waonye jamaa wasitume pesa, irejeshe akaunti, kisha uweke nenosiri jipya na uthibitisho wa hatua mbili.

• Laini imepoteza mtandao ghafla mahali penye mawimbi: wasiliana na kampuni ya simu haraka. Huenda nambari yako imehamishiwa kadi nyingine.

• Piga ripoti katika kituo cha polisi. Visa vya mitandaoni hupokelewa pia na kituo cha kitaifa cha KE-CIRT/CC, kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano.

Unaporipoti, usiseme tu "nimehakiwa". Eleza ulichoona, saa ngapi, na ulichobonyeza au kumtajia mtu. Maelezo hayo ndiyo yatakayomwonyesha mhudumu pa kuanzia.