Jicho la moto: likinyamaza, haina maana kama yote ni salama

Tarehe 2/07/2010, pale Sange, Kivu ya Kusini, lori la mafuta lilipinduka. Watu wakaja kuchota, moto ukawaka, na zaidi ya watu 200 walikufa. Esansi haimpatii mtu muda wa kufikiri. Njiani hakuna mashini ya kuchunga. Lakini kwenye depo, mahali matangi yanakaa pamoja, iko kifaa kinachochunga usiku na mchana: jicho la moto.

Kifaa hiki hakitafuti moshi, kwani nje upepo wa ziwa unaupeleka. Kinatazama mwanga ambao macho yetu hayaoni: ultravioleti na infraredi. Aina ya ultravioleti inaweza kudanganywa na sudure. Ile ya infraredi, kama ni ya kawaida, inasumbuliwa na jua ao mota yenye joto. Ndiyo maana vingi vinaunganisha zote mbili.

Sasa nyuzi. Mara nyingi mbili zinaleta umeme wa volti 24. Zingine zinatoka kwenye rele mbili: moja ya moto, moja ya hitilafu. Hii ya pili ndiyo watu wanasahau. Yenyewe inashikwa na umeme wakati wote mambo ni mazuri. Umeme ukikatika, inaachia, na sanduku la alamu linajua. Ni kama mlinzi anayepiga kengele kila saa: asipopiga, unaenda kuangalia.

Mwisho wa laini fundi anaweka rezistansi ndogo. Mahali pake ni kwenye kifaa cha mwisho. Akiifunga ndani ya sanduku ili amalize haraka, uzi unaweza kukatika huko nje na taa ikabaki kijani.

Kisha mapimo. Fundi anachagua ukali wa jicho, sekunde za kungojea kabla ya kulia, na kama alamu itaendelea hata moto ukizimika. Umbali nao una hesabu yake: ukiuzidisha mara mbili, mwanga unaofika unabaki robo. Kioo chenye vumbi kinapunguza tena.

Kalemie inapata umeme kutoka Bendera, na kila mtu wa hapa anajua ukikatika inakuwa namna gani. Basi bila batri, jicho linalala pamoja na muji.

Kujaribu hakufanywi kwa kiberiti. Iko taa maalumu ya kazi hiyo, na kwanza mitambo ya kumwaga maji ao povu inafungwa. Ndani ya depo, kifuniko hakifunguliwe umeme ukiwa bado unapita.

Mwenye depo asiyejua ufundi anaweza kumuomba fundi kitu kimoja mbele yake: akate umeme wote, achomoe uzi mmoja wa jicho la mwisho, arudishe umeme. Sanduku likinyamaza, kazi haijaisha.