Bahari za Ushairi (3): Mizani kwa Sikio la Kibera na Kawangware

Wiki iliyopita tulikuwa kwa Wayunani na Waarabu. Mstari wa Homer huenda kwa hatua sita za silabi ndefu na fupi. Khalil bin Ahmad, mwanachuoni wa karne ya 8 mwenye asili ya Omani aliyeishi Basra, alizipanga bahari 15 za Kiarabu, yaani aina za vipimo vya ushairi, kwa mpangilio wa herufi zenye irabu na zilizotulia.

Washairi wa pwani walichukua vina na neno bahari, hatua hizo wakaziacha. Walifanya vyema. Kwetu hakuna silabi ndefu na fupi: "kaa" ni mizani, yaani silabi, mbili, basi, na mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Kinachopimwa ni idadi. Kinachoupa mstari mwendo ni kipande, yaani sehemu ya mstari inayoishia penye mkato. Utenzi una mizani 8 kwa mstari, shairi 8 kwa 8. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir ina mizani 10 zinazokatika baada ya ya sita, na ukawafi una 15: 6, 4, kisha 5.

Chukua mstari huu niliotunga kwa ajili ya somo: "Natoka leo Kibera, naelekea Gatina." Nane kwa nane. Mahali pa Gatina weka Kawangware, na kipande cha pili kinafika tisa, kwani ka-wa-ngwa-re ni mizani nne. Mtunzi atasema "naendea Kawangware" na mstari utatulia, ila kina kimebadilika. Kazi ya arudhi, yaani kanuni za utunzi, ndiyo hiyo. Jihadhari pia na "mtaa": m hiyo inajisimamia, kwa hiyo ni mizani tatu.

Vijana wanaochana kwa Sheng katika mitaa hii ya Nairobi wana kipimo kingine. Wao hufuata ngoma: silabi zaweza kuongezeka au kupungua, mradi mkazo udondoke penye mdundo. Kwa tabia hiyo wako karibu zaidi na hatua za kale kuliko na mshairi Muyaka wa Mombasa. Si upungufu hata kidogo. Ni sikio lililokwisha kufunzwa.

Ndiyo maana inaniuma kuona mizani ikifundishwa kwa kalamu tu, mwanafunzi akiandika "8, 8" kwa ajili ya mtihani bila kulisikia shairi likisomwa. Kaluta Amri Abedi alituandikia sheria za utunzi mwaka 1954, na sheria hizo ni za kutamkwa. Walimu wa Kibera na Kawangware, someni kwa sauti, wanafunzi wapige kofi kila kipande kinapokatika, ndipo wahesabu.