Kiti Humfuata Mtoto

Mtoto mwenye mtindio wa ubongo asiyeweza kukaa mwenyewe hubebwa mgongoni, hulazwa mkekani au huegemezwa ukutani kwa mito. Akitokea mfadhili, kinaletwa kiti cha magurudumu, picha zinapigwa, na watu wanarudi makwao wakiamini kazi imekwisha. Mara nyingi ndiyo kwanza inaanza, maana kiti ambacho hakikupimwa kwenye mwili wa mtoto huweza kumdhuru kuliko mkeka. Tangu 2008 Shirika la Afya Duniani limeelekeza kwamba kiti cha magurudumu kiende pamoja na kupima, kurekebisha, kuelekeza matumizi na kufuatilia. Huku kwetu kiti hufika, hayo mengine husahaulika.

Jicho la mzazi huona kwanza kichwa kinachoanguka, na mkono hutaka kukifunga kichwa. Fundi mzuri huanza na nyonga. Zikilala kinyumenyume, mgongo hupinda na kichwa hukosa pa kutulia. Kwa hiyo hupima kutoka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti, kisha hupunguza upana wa vidole viwili hivi. Asipopunguza, ukingo wa kiti utamchoma mtoto nyuma ya magoti, naye atateleza mbele hadi awe amekalia mgongo. Nyayo nazo zikanyage kitu. Miguu inayoning'inia huongeza kukakamaa. Mkanda hupita pale mapaja yanapokutana na kiuno, ukivuta chini na nyuma. Ukifungwa kifuani peke yake, mtoto akiteleza unaweza kumkaba. Kigingi cha katikati ya miguu nacho hueleweka vibaya: kimewekwa kutenganisha magoti yanayopishana, hakikuwekwa kumzuia asianguke, na kikisogezwa hadi kinenani humuumiza. Haya yote huonekana wakati wa kula. Kichwa kikilala nyuma, uji huweza kuingia njia ya hewa, na nimonia ikafuata. Nyonga zikitulia na kidevu kikishuka kidogo, kumeza huwa rahisi zaidi, na mikono hupata nafasi ya kushika kijiko.

Wapo wanaosema kinunuliwe kikubwa ili mtoto akikulie, kama tufanyavyo na sare za shule. Sare ikipwaya haimpindi mtu uti wa mgongo. Hata hivyo hofu ya gharama ni ya kweli, kwa kuwa mtoto hukua na kiti hakikui. Jibu mojawapo lilianzia Zimbabwe, ambako mwalimu Bevill Packer aliendeleza ufundi wa kutengeneza samani kwa karatasi na maboksi yaliyotupwa. Vipande hupakwa gundi ya uji wa unga, hupangwa tabaka juu ya tabaka huku mistari ya boksi ikipishana, kisha huachwa vikauke kabisa. Vikikauka huwa vigumu kama ubao, navyo hukatwa kwa msumeno. Kiti kikimbana mtoto, hutengenezwa kingine bila kungoja kontena bandarini.

Watasema kiti cha maboksi ni aibu, tena kitalowa mkojo. Kilowe kwa nini, ikiwa kimepakwa vanishi na kufunikwa plastiki? Kuhusu aibu, sioni fahari ya chuma kinachong'aa huku ndani yake mtoto amejikunja. Lakini ufundi huu una mipaka yake. Mtoto mwenye mgongo wazi asiyehisi makalio yake anahitaji mto maalumu, la sivyo atapata vidonda. Kiungo kilichokwisha kukakamaa hakilazimishwi kunyooka. Kiti ndicho kinachopindwa kumfuata mtoto. Wala kiti hakitibu ugonjwa, na hakuna mtoto wa kuachwa humo kutwa nzima. Ndiyo maana seremala wa mtaani hatoshi peke yake. Ashirikiane na mtaalamu wa fiziotherapia, au na mafundi wa vifaa saidizi wa aina ya wale wanaofundishwa katika chuo cha TATCOT, Moshi.

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF ya 2022 ilionyesha kuwa katika baadhi ya nchi maskini ni asilimia 3 tu ya wanaohitaji vifaa saidizi wanaovipata, ilhali katika baadhi ya nchi tajiri hufika asilimia 90. Pengo hilo huwafanya watu wakubali chochote kinacholetwa. Mzazi, pokea, lakini kabla mgeni hajaondoka muulize: nani atarudi kukipima tena mtoto akikua?